Shikamoo Iliyofungua Mlango wa Bwawa

Wallahi, billahi, tallahi, humu hamna neno hata moja la kutunga. Nikiwa nimeongopa, samaki wote wa mwatiko wa pwani hii, kuanzia Mbegani mpaka Saadani, waje wanitafune vidole vya miguu nikiwa macho. Naapa mara tatu kwa sababu najua mtaani mnasemaje: "Azizi akikwambia mvua inanyesha, toa mkono dirishani kwanza." Leo msitoe mkono. Leo kila sentensi imekaguliwa na mtu mwingine kabla ya kuwafikia, na mtu huyo hana huruma hata ya kukopa.

Jina langu Abdulazizi. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa vyumba vya barafu vya samaki. Nilipostaafu, wenzangu walirudi kwenye bao na kahawa. Mimi nikanunua kompyuta iliyotumika, yenye herufi M iliyong'oka, nikajifundisha kuandika programu. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na video za kwenye simu, ukaidi, na matusi ambayo mke wangu alifunga mlango asiyasikie.

Kazi yangu ya kwanza kuu ilikuwa kipande kidogo cha programu nilichokiita Bamvua. Ukikipa siku ya mwezi mwandamo, kinakwambia bahari itajaa saa ngapi, itakupwa saa ngapi, na lini bamvua lenyewe litafika, yale maji makubwa yanayokwenda mbali na kurudi na hasira. Nikakiweka mtandaoni bure. Anayetaka achukue.

Sasa, hapa nisikilizeni, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea. Mafundi wa programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Wako kama mpishi wa shughuli. Ana masufuria manane ya wali, wageni wako njiani, hawezi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi mia. Ananunua tui lililokamuliwa tayari, anamimina. Hamjui aliyekamua wala hajui kama alinawa mikono. Bamvua lilikuwa tui la namna hiyo. Ila tui hili lina ajabu yake: mkamuaji akilibadilisha kule kwake, linabadilika lenyewe ndani ya masufuria yote yaliyokwisha kulipokea.

Na walilipokea watu! Manowari za Norwei zilikuwa haziingii bandarini bila Bamvua langu. (Naambiwa nifute Norwei. Naambiwa waliokichukua ni watu arobaini na watatu, na thelathini kati yao hawakukitumia. Haya, yaandikwe.)

Mmoja wa waliokitumia alikuwa Alifiya, binti wa Bwana Abizer mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mwenye macho ya kuhesabu. Kule Mbegani, pembeni ya mikoko, kina mama kumi na mmoja chini ya uongozi wa Mwanamvua walikuwa na bwawa la mwatiko. Bwawa la namna hiyo roho yake iko mlangoni. Bahari ikijaa unafungua maji mapya yaingie. Ikianza kupwa unafunga, la sivyo bwawa lote linaifuata bahari. Kwa miaka kina mama walikuwa wakipokezana kuuvuta mlango huo kwa mikono, mara mbili kila siku, mvua, jua, uzazi, msiba. Alifiya akawatengenezea mlango wa umeme unaojifungua na kujifunga. Na mlango ulijuaje kama bahari inajaa au inakupwa? Uliuliza Bamvua langu.

Baba yake hakuipenda kazi hiyo. Siku mlango huo ulipowekwa, Bwana Abizer alikuja mpaka ukingoni na viatu vyake vya ngozi, akasema mbele ya wote, "Alifiya, nakupa msimu mmoja. Samaki wa kina mama wakivunwa salama, shika kompyuta zako, mimi sitafungua mdomo tena. Wasipovunwa, unarudi kaunta kuuza misumari, na kompyuta inaingia kabatini kwangu."

"Nimekubali, baba," Alifiya akasema.

Bwana Abizer akishasema jambo mbele za watu, halirudi. Kila mtu alilijua hilo, na Alifiya kuliko wote.

Mwezi wa sita wa msimu ule, nikapata barua ya Alifiya mtandaoni. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi kama kofi: "Ufunguo wa Bamvua unao wewe peke yako. Ukifa, au ukidanganywa, itakuwaje? Weka watu wawili wawe wanasoma kila badiliko kabla halijaingia."

Basi. Hakuna shikamoo. Hakuna habari za nyumbani. Hakuna hata "mzee". Na neno la nne tu la swali lake... (Naambiwa ni neno la kwanza.) Neno la kwanza la swali lake ni kunifisha! Nikamwambia mke wangu, mtoto huyu anamwandikia mtu wa makamo yangu kama anaagiza saruji. Sikumjibu. Nilijiapiza kwamba hata barua ile ikiwa na dhahabu ndani, sitaiokota.

Wiki mbili baadaye akaja mwingine. Huyu aliandika hivi: "Shikamoo babu yangu. Umeamkaje? Kifua hakikusumbui na huu upepo? Bibi hajambo? Mimi ni mjukuu wako Abdala, niko Pangani, najifunza programu kwa kusoma kazi yako. Sina haja, nilitaka tu kukuamkia."

Sina haja! Nilitaka tu kukuamkia! Nilisoma ujumbe ule mara sita, nikavaa koti nikausoma tena.

Kesho yake shikamoo. Keshokutwa shikamoo. Mwezi mzima, alfajiri haijapoa, shikamoo ya Abdala imeshafika. Na nyinyi mnajua salamu yetu haiishi kwa mtu mmoja. Aliuliza nyumba, majirani, mitumbwi, akafika mabwawani. "Na wale mama zangu wa mwatiko hawajambo, babu?" Hawajambo, mjukuu wangu, samaki wamefika ukubwa wa kiganja. "Alhamdulillahi. Wana mlinzi?" Mlinzi wa nini, mlango una umeme. "Mashallah. Na Jumamosi wapo?" Jumamosi hawapo, wote wanakwenda Makurunge, harusi ya Zuhura mtoto wa dada yake Mwanamvua. "Mungu awaongoze, babu. Wape salamu."

Sikuzitoa habari zile. Zilinitoka, kama zinavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa akaulizwa vizuri.

Wiki ya tano akaniambia kwamba ananionea huruma kwa kazi nyingi, naye angependa kunisaidia kufagia Bamvua. Nikampa ufunguo. Akafagia. Akaniletea mabadiliko yake: "Shikamoo babu, nimesafisha kidogo, naomba baraka zako." Chini palikuwa na mahali pa kuweka neno kwamba nimesoma na nimekubali. Nikaweka. Nimesoma? Nilisoma mpaka "baraka zako".

Jumamosi ya harusi ilikuwa siku ya kumi na sita ya mwezi, bamvua. Bahari ilijaa saa kumi alfajiri, ikaanza kupwa. Saa moja asubuhi, kina mama wakiwa Makurunge wanapigwa picha, mlango wa bwawa ukajifungua. Mtu alikwisha kuukata kwa koleo wavu wa waya unaozuia samaki, na kwenye mkondo wa nje alitandaza jarife, wavu mpana wa kuvulia, kutoka mkoko mpaka mkoko. Maji yakatoka, mwatiko wakatoka na maji. Saa nne bwawa lilikuwa tope tupu lenye nyayo za miguu mikubwa. Samaki elfu arobaini! (Elfu nne na mia mbili. Samahani.)

Jioni ile tulikuwa wote ukingoni. Kina mama bado wana hina na nguo za harusi, wamesimama kwenye tope. Ashatu, mmoja wao, ambaye ulimi wake unaweza kupara samaki, alikwisha kung'oa kisanduku cha umeme cha mlango na kukitupa mkondoni.

"Mlango umejifungua wenyewe, mama wee!" alisema. "Mwizi hakuvunja hata kitasa. Kafunguliwa, kakaribishwa, kasoro kupewa maji ya kunawa."

Mwanamvua hakupiga kelele. Alikuwa ameokota mwatiko mmoja aliyebaki kwenye dimbwi, bado anatwetatweta. "Miezi minane, Alifiya," alisema. "Nimewalisha pumba kwa mkono huu miezi minane. Wanangu sikuwalisha hivyo." Kisha akaufungua mkoba wa Alifiya, akamtumbukiza samaki yule mzima mzima juu ya daftari na simu. "Mshahara wako huo."

Tukasikia anapiga mkia mle ndani. Hakuna aliyecheka wala aliyemtoa.

Bwana Abizer akanigeukia. "Mzee Azizi, wewe ndiye mjuzi kwetu. Tazama utuambie ni nini."

Nikakaa juu ya gunia, nikafungua kompyuta yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye Bamvua. Mistari minane ya Abdala ilikuwa pale, haikujificha hata kidogo. Ilisema hivi kwa lugha ya kazi yetu: ukija ujumbe kutoka namba hii ya simu, usiseme ukweli; sema bahari inajaa. Mlango maskini uliuliza, ukajibiwa bahari inajaa, ukafunguka kama ulivyofundishwa. Na chini ya mistari minane, jina langu: amesoma, amekubali.

Nikaifunga kompyuta taratibu. Nikavua miwani, nikaipangusa. Mtu anayepangusa miwani huaminiwa haraka.

"Mimi sipendi kumwita mtoto wa mwenzangu mwizi," nikasema. "Ila mlango ni wake, programu ni yake, na mlango umefunguka kwa amri. Amri hiyo haikutoka kwa jini."

Alifiya aliniangalia. "Maji yanahesabiwa na kipande chako. Nionyeshe mabadiliko ya mwezi huu."

"Mnaona?" nikawaambia kina mama. "Hata salamu hana, anataka kunikagua mimi."

Wakaguna wote kumi na mmoja. Mguno ule ulimtosha Bwana Abizer. Alimshika binti yake mkono juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mtu aliyekamatwa, wakaenda. Mimi nilirudi nyumbani, nikaifuta mistari minane yote, nikamwandikia Abdala matusi ya ubora wa juu. Shikamoo zilikwisha siku hiyo. Mpaka leo hajulikani ni nani.

Mngedhani niliona haya. Wiki iliyofuata nilikwenda dukani kwa Abizer, na nitawaambia kwa nini: nilitaka kuona. Alifiya alikuwa kaunta, nyuma ya mizani, mikono ina kutu. Mjini walikwisha kumpa jina, Bi Mlango. Kompyuta yake iko kabatini, funguo shingoni kwa baba.

"Nipe misumari ya inchi tatu, robo kilo," nikasema kwa sauti, maana palikuwa na wateja. "Na duka mnalifunga kwa kufuli siku hizi, au nalo linajifungua?"

Wateja wakacheka. Alifiya akapima misumari, akaifunga kwenye gazeti, akanisogezea. Halafu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu," akasema.

Lo! Kitu kilinilegea kifuani, uso ukanichanua mpaka nikauhisi. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Umeona? Adabu haina gharama."

Alikuwa ananitazama. Nilidhani ananiomba radhi. Alikuwa anapima, kama alivyopima misumari.

Siku tatu baadaye nikapata ujumbe mpya. "Shikamoo babu. Umeamkaje? Mimi ni Nasrin, mwanafunzi, niko Tanga. Nimesikia wewe ndiye uliyeifundisha kompyuta bahari. Sina haja, nilitaka kukuamkia tu."

Mnacheka. Chekeni. Nilijiambia, Azizi, mara hii uwe na akili. Na nilikuwa nayo: Abdala ilimchukua wiki tano, Nasrin nilimchunguza kwa ukali kabisa. Siku ya tisa nikampa ufunguo. (Siku ya sita. Ya sita, jamani, nimeshaandika!)

Ijumaa moja baada ya swala Mwanamvua akanitumia salamu kwamba kina mama wana shughuli nami mabwawani, wanataka kunipa cheo cha mshauri. Nikavaa kanzu ya Idi, nikapaka mafuta ya karafuu, nikapanda bajaji mpaka Mbegani. Walikuwa wamekaa kwenye majamvi, wote kumi na mmoja. Bwana Abizer yuko kwenye kiti. Alifiya amesimama nyuma yao na simu.

"Karibu mshauri," akasema Mwanamvua. "Ashatu, msomee mzee risala."

Ashatu akasimama, akajikohoza, akafungua karatasi. Kisha akatoa sauti yangu. Yangu hasa, na ile mikwaruzo ya kifua: "'Marahaba, Nasrin mjukuu wangu, roho ya babu. Ujumbe wako umenikuta natia mguu kwenye kiatu, nikauacha mguu hewani.'"

Kina mama walianguka. Walianguka hasa, wakashikana, mmoja akagaagaa jamvini.

"Ngojeni, kuna utamu," Ashatu akasema. "'Ufunguo wa Bamvua huu hapa chini. Usimpe mtu. Kuna mtoto mmoja hapa kwetu, hana salamu, aliutaka akaukosa.'"

Nikawa natafuta pa kuweka mikono. Mikono yangu miwili ilikuwa mingi.

"Huyo Nasrin..." nikaanza.

"Ni mimi, babu," Alifiya akasema. "Nilikuandikia kutoka kaunta, kwa simu hii ambayo mpaka leo inanuka samaki. Ulifuta mistari minane, ila kile unachokifuta hakipotei. Kinabaki kwenye kumbukumbu za ndani, na kumbukumbu hizo anazifungua mwenye ufunguo peke yake. Ukanipa ufunguo."

Akampa baba yake simu. Bwana Abizer akasoma polepole, midomo ikicheza: mistari minane, tarehe, na chini yake jina langu. Amesoma, amekubali. Kisha tarehe ya pili, jioni ya siku ya wizi: Abdulazizi amefuta.

"Mzee," akasema, "ulikuwa umekaa juu ya gunia lile. Nilikuuliza mbele ya mwanangu. Ulikuwa unayaona haya?"

Nilitaka kusema macho. Nilitaka kusema jua lilikuwa usoni. Nilikuwa na uongo saba, wote wazima, na hakuna hata mmoja uliokubali kutoka.

"Nilikuwa nayaona," nikasema.

Hapo hakucheka mtu. Mwanamvua akainuka, akaja mpaka mbele yangu. Alinusa mafuta ya karafuu, akageuza uso.

"Na mimi nimekosa," Alifiya akasema kwa nyuma. "Nilimimina tui la mtu bila kuonja. Kipande kinabadilika chenyewe, nami sikusoma kilichobadilika. Kosa hilo nitalibeba. Lakini la mwizi si langu."

"La kwako tumeshakutoza," Mwanamvua akasema bila kugeuka. "Tulikutia samaki mkobani." Akamwelekezea baba mtu kidole. "Bwana Abizer, mpe mtoto kompyuta yake."

Abizer akaivua kamba ya funguo shingoni mwake palepale.

"Sasa wewe," Mwanamvua akaniambia. "Fedha zako hatuzitaki, huna. Vifaranga vipya vinaingia bwawani wiki ijayo. Mlango utauvuta wewe, kwa mkono, bahari ikijaa na bahari ikikupwa, mpaka watakapofika ukubwa wa kiganja. Ni miezi minane. Alifiya anautengeneza mwingine wa umeme, ila hatuuwashi mpaka uimalize miezi yako. Ufunguo wa Bamvua anao yeye na Ashatu. Ukitaka kubadilisha hata nukta, wanasoma wote wawili."

"Ashatu hajui programu!" nikasema.

"Najua kukataa," Ashatu akajibu.

"Na mtu aliyemchafua mwenzake mbele ya watu," Mwanamvua akaendelea, "atayaandika yote, kila mtu asome, na Alifiya atakagua kabla hayajatoka. La mwisho: kila utakapomwona mtoto huyu, wewe ndiye utakayemwamkia. Shikamoo kamili. Bila hiyo hakujibu, hakusaidii, hakuoni."

Nikamwangalia Bwana Abizer, mwanamume mwenzangu, mtu mzima mwenzangu. Nina miaka sitini na tisa. Toka nizaliwe sijawahi kumpa shikamoo mtu niliyemzidi hata mwezi mmoja. Bwana Abizer alikuwa anatazama viatu vyake.

Huu ni mwezi wa tatu, na salamu za Abdala nilizozinakili humu Alifiya ameshazikagua. Mlango ni mbao za mkangazi na mnyororo, na mnyororo haujawahi kusikia habari za kompyuta. Jana saa tano asubuhi, bamvua, bahari ikiwa inajaa, ubao ulikwama nikiwa ndani ya mkondo. Maji yalikuwa magotini, yakafika mapajani, yakafika kiunoni. Alifiya alikuwa juu ukingoni, anapima nguzo za mlango wake mpya kwa futi kamba.

"Alifiya!" nikapiga kelele. "Ubao umekwama! Nishushie ile nondo!"

Akaandika kipimo kwenye daftari. Daftari lile lile, lina madoa ya magamba.

"Alifiya, maji yananifika kifuani!"

Akavuta futi kamba, akapima nguzo ya pili. Mwatiko wadogo walikuwa wananigonga miguuni, wananionja vidole.

"Shikamoo, Alifiya," nikasema.

Akaweka kalamu sikioni, akageuka, akanitazama kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Marahaba," akasema. "Umeamkaje? Kifua hakikusumbui na huu upepo? Bibi hajambo?"